Kadi za Grafiki za Bei Nafuu, na Namna ya Kuzichagua

Mtu apitaye karibu na bweni letu usiku baada ya prepo aweza kudhani kuwa watu wanabishana juu ya Simba na Yanga. Sivyo. Ubishi wenyewe ni wa NVIDIA na AMD, makampuni mawili ya Marekani yanayobuni chipu za kadi za grafiki. Huyu ashika NVIDIA kwa kuwa kaka yake anayo, yule ashika AMD kwa kuwa aliambiwa ni rahisi, na aghalabu wote wawili hawajapata kufungua kompyuta wakaiona kadi yenyewe. Mimi nami nalikuwa mmoja wao. Niliukoma ubishi huo mwaka jana, nilipopoteza fedha za watu. Kwa kuwa fedha hizo zilikuwa zenu, wazazi na wanafunzi wenzangu, yanipasa niwaeleze habari yote, pamoja na yale niliyojifunza baadaye, ili atakayetumwa dukani baada yangu asinunue kama nilivyonunua mimi.

Kwanza tujue kadi hii ni kitu gani. Kila nukta iliyo juu ya kioo cha kompyuta yatakiwa kupewa rangi yake. Kioo chenye nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu kina nukta 2,073,600. Kikibadilishwa mara 60 kwa sekunde, ni rangi zaidi ya milioni 124 za kupigiwa hesabu kila sekunde. Prosesa ya kompyuta ni fundi hodari, ajua kila kazi, lakini yu peke yake, au wako wanne tu. Kadi ya grafiki ni kama vibarua wanaomwaga zege: kila mmoja ajua kupokea ndoo na kuipitisha, basi, lakini wako mia saba au elfu, na kazi yaisha kabla ya jua kutua.

Je, kila kompyuta yahitaji kadi hii? Hasha. Prosesa nyingi za ofisini za siku hizi zina sehemu yake ndogo ya grafiki ndani yake, nayo yatosha kwa kuandika barua, kutunza hesabu za duka, kusoma na kutazama filamu. Mzee wangu alipoambiwa na kijana mmoja kwamba kompyuta yake ya kuchapia haina maana mpaka itiwe kadi, nilimwambia fedha hiyo anunulie mbolea. Tena, wenye kompyuta za kupakata wasihangaike na makala haya, maana karibu zote kadi yake imebandikwa kwenye ubao mkuu na haibadilishwi.

Lakini Chama chetu cha Kompyuta kilikuwa na haja ya kweli. Twachora michoro ya masomo kwa programu ya Blender, ambayo hutolewa bure: moyo wa binadamu ukipiga, molekuli za maji, injini ya mipigo minne. Kompyuta yetu ni ya mtumba, ilikuwa ya ofisi, na prosesa yake ni Intel Core i5-3470 ya mwaka 2012. Sehemu ya grafiki iliyo ndani ya prosesa hiyo, katika Windows, yafahamu lugha ya OpenGL mpaka toleo la 4.0 tu, na Blender, tangu toleo lake la 4.0 lililotoka mwaka 2023, yataka OpenGL 4.3. Basi tulikuwa tumebaki na Blender ya zamani ya 2.83, na kila tulipopata somo jipya la kujifunzia, vitufe vyake havikulingana na vyetu. Ndiyo sababu tukaomba michango. Tulipata shilingi 160,000. Kati ya hizo, shilingi 5,000 zilitoka kwa mama wa mwenzetu wa Kidato cha Pili ambaye huuza vitumbua, akazituma zikiwa noti za mia tano tano. Mimi ndimi mwekahazina. Nikatumwa Dar es Salaam wakati wa likizo.

Dukani niliomba kadi ya NVIDIA, basi, maana mimi nalikuwa wa upande huo. Mwuzaji akanitolea sanduku jipya lililoandikwa GTX 1050 Ti, gigabaiti 4, kwa shilingi 150,000. Nilijua kwamba kadi hiyo ilipotoka mwaka 2016 bei yake Marekani ilikuwa dola 139, na nikaona nimepata bahati. Nilifurahi zaidi nilipoona ina tundu la VGA, lile la bluu lenye pini kumi na tano, kwa sababu monita yetu ni ya VGA. Akanipa na kipande cha waya cha kuipatia umeme kutoka kwenye waya wa diski. Nikalipa.

Shuleni kadi iliwaka, maandishi yakaonekana, tukapiga makofi. Tulipotia draiva, kompyuta ikazima. Tukaiwasha tena, ikazima tena. Mwalimu wetu akaleta kwenye flashi programu moja ndogo iitwayo GPU-Z, inayosoma chipu yenyewe badala ya kuamini jina lililoandikwa. Kabla ya jina la kadi likatokea neno la Kiingereza maana yake "bandia". Chipu ilikuwa ile ya GTS 450, kadi iliyotoka mwaka 2010, nayo yala wati 106. Kulikuwa na mtu mahali fulani aliyeifuta programu iliyo ndani ya kadi kuukuu, akaandika jina la kadi mpya, akaipiga brashi na kuitia sandukuni. Nilirudi dukani siku ya kufungua shule. Niliambiwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi, na nilipotoa risiti, tukasoma wote: "kadi 1". Haikutaja kadi gani.

Nimeieleza habari hii kwa urefu kwa sababu dalili zote zilikuwa mbele ya macho yangu, na lile tundu la VGA lililonifurahisha ndilo lililopasa kunishtua. Chipu za NVIDIA za ukoo wa GTX 10 hazitoi kabisa umeme wa picha wa aina ya VGA. Anayetaka tundu hilo kwenye kadi hizo hana budi kuongeza chipu nyingine ya kugeuza, jambo lisilo la kawaida. Dalili ya pili ni ule waya wa umeme. GTX 1050 Ti ya kawaida yatosheka na wati 75 zinazotoka kwenye tundu la ubao mkuu. Ziko chache zilizoongezwa kasi zinazotaka waya wa ziada, lakini waya unapokutana na VGA kwenye kadi moja, na bei nayo ni ya kutupa, mtu aondoke dukani. Dalili ya tatu ni risiti.

Sasa turudi kwenye ubishi wa bwenini. Watu husema "kampuni gani ni bora" pasipo kujua kwamba kwenye sanduku moja kuna makampuni mawili. La kwanza ni lenye chipu: NVIDIA, iliyoanzishwa mwaka 1993, AMD, ambayo iliingia katika kazi hii mwaka 2006 kwa kuinunua ATI ya Kanada, na Intel, iliyoleta kadi zake za Arc mwaka 2022. La pili ni lenye kuunda kadi yenyewe, yaani kutia chipu kwenye ubao, na memori, na feni: ASUS, MSI, Gigabyte, Zotac, Sapphire, XFX na wengineo. Baadhi yao, kama ASUS na MSI, wametengeneza kadi za pande zote mbili. Kwa kadi kubwa za bei ghali, tofauti ya feni na ubao yaweza kuwa na maana. Kwa kadi ndogo za wati 50 au 75, chipu ikiwa ni ile ile, tofauti ni ndogo mno, na mtu atazame zaidi dhamana. Na jambo moja la kuwachekesha wenzangu: chipu ya Radeon RX 6400 ya AMD na chipu ya Arc A380 ya Intel, mahasimu hawa, zote mbili hupikwa na kampuni moja, TSMC ya Taiwan.

Hatari kubwa zaidi ya jina la kampuni ni jina la kadi. Hapa pande zote mbili zina lawama, na mshabiki asiseme wa kwake ni mtakatifu. NVIDIA ilitoa GT 730 mwaka 2014 kwa aina tatu zenye jina lile lile: moja ina vibarua 96, mbili zina 384, na hizo mbili nazo zatofautiana kwa memori. Mwaka 2018 ikatoa GT 1030 yenye memori ya DDR4, na ile ya kwanza ya mwaka 2017 ilikuwa na GDDR5. AMD nayo ilitoa RX 560 mwaka 2017 yenye vibarua 1024, na kabla ya mwaka kwisha ikawako nyingine ya 896 kwa jina hilo hilo. Tena kuna RX 580 iliyoandikwa "2048SP" kwa herufi ndogo. Hiyo kwa kweli ni RX 570 iliyovaa kanzu ya ndugu yake mkubwa, kwa sababu RX 580 halisi ina 2304.

Kwa hiyo wanafunzi wenzangu nawaomba tufanye hesabu, na si ngumu kuliko zile za Fizikia. Vibarua wa zege hata wawe wengi vipi, wakicheleweshewa ndoo watasimama. Ndoo hizo ni memori ya kadi, na kasi yake yapatikana hivi: chukua upana wa njia ya memori kwa biti, gawa kwa 8, kisha zidisha kwa kasi ya kila waya kwa gigabiti kwa sekunde. GT 1030 ya GDDR5 ina njia ya biti 64 na kasi ya 6. Sitini na nne kwa 8 ni 8. Mara 6 ni gigabaiti 48 kwa sekunde. GT 1030 ya DDR4 ina njia ile ile ya biti 64, lakini kasi ni 2.1, mara 8 ni 16.8. Yaani karibu theluthi moja tu ya ile ya kwanza, na jina halikubadilika! RX 550 ya AMD ina biti 128 na kasi ya 7, nayo yapata 112. Mwuzaji akikuambia "hii ina gigabaiti nne, ile ina mbili tu", mwulize kwanza ni memori ya aina gani na njia yake ina upana gani. Ghala kubwa lenye mlango wa panya halimfai mtu.

Baada ya hasara yetu Mwalimu hakutuacha tukimbilie kadi nyingine. Alituambia tuifungue kompyuta kwanza, tuisome. Nadhani hilo ndilo darasa zuri kuliko yote niliyopata nje ya darasa. Kwenye sanduku la kugawia umeme tulikuta limeandikwa wati 240, na halina waya wa kuongezea kadi. Basi kadi zote zenye kutaka waya zimekwisha kataliwa. Prosesa yetu hula wati 77. Kadi ya wati 75 ikiongezwa zinakuwa 152, na 88 zinabaki kwa diski, memori na feni. Yatosha. Kisha tukapima kwa rula: kasha ni jembamba, linataka kadi fupi ya kimo cha nusu, na nafasi nyuma ni ya matundu mawili. Tundu lenyewe la kadi ni la PCI Express toleo la 3. Na monita ni ya VGA, kwa hiyo itabidi kununua kigeuzi cha HDMI kwenda VGA, chenye chipu ndani yake, si waya mtupu.

Kwa orodha hiyo ubishi uliokuwa umedumu mwaka mzima ulikwisha karibu wenyewe, maana majina mengi tuliyokuwa tukiyapigania yalianguka pasipo hata kufika kwenye mashindano.

RX 6400 ya mwaka 2022 ndiyo iliyokuwa na watetezi wengi. Ni nyembamba, yala wati 53 tu, na memori yake ni biti 64 kwa kasi ya 16, yaani 128. Ni kadi njema, lakini kwa kompyuta mpya. Imeungwa na ubao mkuu kwa njia nne badala ya kumi na sita. Kwenye PCI Express toleo la 4 njia hizo nne zapitisha kama gigabaiti 8 kwa sekunde. Kwenye toleo la 3, la kwetu, zapitisha kama 4, na memori ya kadi inapojaa, ikabidi kuazima kwenye memori ya kompyuta, ndipo upungufu huo unapouma. Tena haina kile kipande kinachoibana video wakati wa kuirekodi, nasi twarekodi majaribio ya Kemia. Arc A380 ya Intel ina gigabaiti 6 na memori ya kasi ya 186, na kipande cha kubania video ni bora kabisa. Lakini Intel yenyewe yasema iwekwe kwenye kompyuta yenye uwezo uitwao Resizable BAR, na prosesa za kizazi cha kumi na kuendelea. Yetu ni ya kizazi cha tatu. Kumpa mzee viatu vya mkimbiaji si kumsaidia.

RX 550 na GT 1030 ni rahisi na zaingia, ila Blender haiwezi kuitumia RX 550 kwa kazi nzito ya kukamilisha picha, kwa kuwa upande wa AMD programu hiyo yataka chipu za vizazi vya baadaye. Na kwa GT 1030 kuna habari ya draiva. NVIDIA ilitangaza mwaka 2025 kwamba kadi za ukoo wake wa Pascal, yaani GT 1030 pamoja na zile GTX 10 zote, zapata draiva ya mwisho ya kawaida mwezi wa Oktoba mwaka huo, na baada ya hapo marekebisho ya usalama tu mpaka Oktoba 2028. Hata ile 1050 Ti niliyodhani nimeinunua, kama ingalikuwa ya kweli, ingalikuwa imekwisha fikia mlango wa kustaafu. Sikulijua hilo wakati ule, wala sikuuliza.

Zikabaki mbili: RTX 3050 ya gigabaiti 6, iliyotoka mwaka 2024, wati 70, memori ya kasi ya 168, na GTX 1650 ya mwaka 2019, wati 75, vibarua 896, biti 128 kwa kasi ya 8, yaani 128. Zote ni za NVIDIA, jambo lililowafanya wenzangu wa upande ule wajigambe sana chakulani, ijapokuwa hawakuchangia hesabu hata moja. Kama kompyuta yetu ingalikuwa ya mwaka 2021, huenda ningalikuwa nimeandika jina jingine hapa. Ya kwanza ni bora, haina ubishi, lakini bei yake ilitushinda mbali. Tukaamua kutafuta GTX 1650 fupi, iliyotumika.

Fedha hatukuomba tena kwa wazazi. Tulichapa ratiba na kadi za mwaliko za mahafali, tukalima bustani ya mwalimu mmoja, na muhula ulipokwisha tulikuwa na shilingi 190,000. Safari hii tulikwenda watatu pamoja na Mwalimu, na GPU-Z mfukoni kwenye flashi. Duka la kwanza walikataa kutuachia tuijaribu, tukashukuru, tukaondoka. La pili walikataa pia. La tatu mwenye duka, mama mmoja mtu mzima, alisema, "Wanangu, ijaribuni mpaka mridhike, nami nipate kuuza kwa amani." Tukaichomeka. Tukasoma jina la chipu, TU117, ndiyo yake, vibarua 896, njia ya biti 128, memori GDDR5. Tukaiendesha kwa dakika ishirini tukitazama joto na kusikiliza feni. Tukalipa 170,000, na kigeuzi 12,000. Kwenye risiti tuliomba aandike jina kamili la kadi, namba iliyo juu ya kibandiko chake, na siku thelathini za dhamana. Akaandika vyote pasipo kununa.

Blender mpya ikafunguka. Picha moja ya moyo, ambayo kwa prosesa peke yake ilichukua dakika 44, kwa kadi ilichukua dakika 8. Mchoro wenyewe wa mwendo utaonyeshwa siku ya wazazi katika maabara ya Biolojia. Mama yule wa vitumbua nimemwandikia barua kueleza fedha yake ilivyopotea, nikamtumia shilingi 5,000 kutoka katika zile 8,000 zilizobaki. Amezirudisha kwa mkono wa mwanawe, akisema zikanunue feni.

Kadi ile ya bandia ipo kwenye rafu ya chumba cha kompyuta pamoja na sanduku lake. Atakaye kuiona, au kunakili GPU-Z kabla hajamtuma mzee wake dukani, na aje Jumamosi baada ya usafi. Aje na flashi yake mwenyewe.

Mwekahazina wa Chama cha Kompyuta,
Kidato cha Nne B